Nafula na Mwenzake

Mtangazaji wa redio alinipigia simu saa tatu asubuhi, nikiwa jikoni nachambua mboga, akaniuliza nimeipokeaje habari ya kumpoteza dada yangu. Nikamuuliza dada yupi. Akasema, "Samahani, Mama Nafula, nilidhani umeshaambiwa. Nyafwono alifariki jana, kwao Mulanda." Tulikuwa tayari hewani. Nikasema yale yanayosemwa na watu walio hewani: kwamba ni pigo, kwamba sauti kama ile haipatikani tena, kwamba Mungu amlaze pema. Akanishukuru, akauweka wimbo wetu, ule ule wanaouweka siku zote, nami nikakata simu kabla haujafika kwenye maneno. Nikaendelea na mboga zangu. Sikulia, na sitadanganya hapa kwamba nililia baadaye. Nyafwono hakuwa dada yangu wala rafiki yangu. Mwaka tuliorekodi ile kaseti tulilala chumba kimoja na kula meza moja, na sijapata kumchukia binadamu mwingine kama nilivyomchukia yeye. Yeye naye alinichukia, na mwisho wa mwaka nikampa sababu nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi Busia, upande wa Kenya, bila cheti cha ualimu, na Jumapili naongoza kwaya kanisani. Jumapili moja akaja mzee mmoja, akakaa benchi la nyuma kabisa, na ibada ilipokwisha akanifuata nje. Aliitwa Mwalimu Ochwo. Alikuwa amestaafu kufundisha muziki na sasa alikuwa na chumba cha kurekodia nyuma ya nyumba yake Tororo, upande wa Uganda. Akaniambia anataka kutoa kaseti ya nyimbo za wanawake wawili, mmoja wa upande ule na mmoja wa upande huu, ili watu wanaovuka mpaka kila siku wasikie kitu chao. "Sauti moja ninayo," akasema. "Ni msichana wa Mulanda, kule kwetu, anaimba kwenye matanga. Hajasoma sana lakini akifungua mdomo watu wanaacha kulia ili wamsikilize. Sasa nataka ya kukaa kando yake." Ningekuwa na akili ningetambua kwamba nimeitwa kukaa kando. Mimi nilichosikia ni kwamba kuna msichana asiyesoma anayehitaji mtu wa kumnyoosha, nikaomba ruhusa shuleni, nikafunga mfuko wangu.

Chumba tulichopewa kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, dirisha moja linalotazama mwamba wa Tororo, na msumari mmoja ukutani wa kutundikia nguo. Nilipoingia, Nyafwono alikuwa ameshachukua kitanda cha dirishani na msumari pia; magauni yake matatu yalining'inia pale yamepandana. Alikuwa mfupi, mweusi sana, na kifua cha mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya bwawa. Alikuwa ameketi kitandani anakula simsim iliyokaangwa kutoka kwenye karatasi. Hakusimama.

"Wewe ndiyo ile Madam?" akauliza.

"Naitwa Nafula."

"Mi najua. Wamesema wewe nafundisha watoto." Akatia simsim kinywani, akatafuna, akameza. "Mi siko mtoto."

Hayo ndiyo yalikuwa maamkizi yetu. Nikiyakumbuka leo naona kwamba alikuwa ananiogopa, lakini wakati ule sikuona hofu yoyote, niliona jeuri, na nikaamua siku ile ile kwamba sitamwomba kitu. Kwa mwaka mzima nguo zangu zilikaa ndani ya mfuko, na kila asubuhi nikazivaa zimekunjamana.

Nyimbo nyingi alizitunga yeye. Hilo nalisema kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikiulizwa nilizitungaje, na nimekuwa nikijibu kwa kuzunguka. Alizitunga akifua, akimenya muhogo, akisuka nywele za Mama Rose, mke wa Mwalimu. Kazi yangu ilikuwa kuziandika kwenye daftari ili zisipotee, nami sikuandika tu, nilisahihisha. Nilikuwa na kalamu nyekundu ya shuleni. Kiswahili chake kilikuwa kile cha sokoni, kile wanachouziana samaki na vitenge pale mpakani, na kila kosa liliniingia sikioni kama mchanga. Wimbo uliotugombanisha zaidi ulihusu mwanamke mwenye nyumba mbili, moja kila upande wa mpaka, na hakuna anayemwashia moto kwenye yoyote. Yeye aliimba, "Nyumba yetu mbili, moto hakuna."

"Ni zetu," nikamwambia. "Nyumba zetu mbili."

"Watu nasema yetu."

"Watu wa kwenu."

"Eh. Watu ya kwetu ndiyo iko na hiyo nyumba. Wewe iko na nyumba gani?"

Mwalimu Ochwo alikuwa anafunga nyaya, akainua kichwa. "Kila mtu aimbe anavyosema," akasema. "Binti zangu, tuendelee." Tukaendelea. Mimi nikaimba zetu, yeye akaimba yetu, mstari ule ule, pumzi ile ile, na hakuna aliyemwachia mwenzake.

Chumba cha kurekodia kilikuwa kimebandikwa trei za mayai ukutani na magodoro mawili mlangoni ili kelele za malori zisiingie. Joto lake sijalisahau. Palikuwa na maikrofoni moja tu, kwa hiyo tuliimba tukitazamana, pua karibu na pua, nami nikinusa simsim kila alipovuta pumzi. Alijua kwamba pumzi yangu ni fupi. Basi alikuwa akirefusha noti makusudi, akinitazama machoni, hadi nilipolazimika kukata, halafu yeye akaendelea kidogo peke yake kama mtu anayetembea polepole kumwonyesha aliyechoka kwamba yeye hajachoka. Nami nilijua kwamba anachelewa kuingia, anapenda kuuvizia wimbo, kwa hiyo nikaanza kuingia mapema kidogo ili aonekane amepotea. Yeye akagundua, akaanza kuniwahi. Leo watu wananiambia kwamba kinachowagusa kwenye kaseti ile ni jinsi sauti mbili zinavyofukuzana na kushikana, kama ndugu wanaocheza. Mwanamke mmoja aliniambia aliolewa na mumewe wa sasa kwa sababu ya kusikia jinsi tulivyopendana. Nilimshukuru. Kilichomo mle ni wasichana wawili wanaojaribu kuaibishana mbele ya mzee mwenye subira.

Mama Rose alitupikia kama mabinti zake. Ugali wake ulikuwa wa wimbi, mweusi, wa kunata, na mboga za majani alizozipika ndani ya siagi ya simsim mpaka zikawa nzito. Mimi nilizoea ugali wa mahindi, na siku ya kwanza niliuliza, kwa adabu niliyoiona nzuri, kama kuna mweupe. Kesho yake Nyafwono akasimama mezani, akanyoosha shingo, akaweka mikono mbele ya tumbo kama mimi ninavyoweka, akasema kwa sauti yangu, "Samahani, Mama, naomba kuuliza, je, upo ugali mwingine usio huu?" Nasema kwa sauti yangu kwa maana ilikuwa sauti yangu hasa. Ile haikuwa dhihaka ya kubana pua. Aliniingia kooni akakaa mle. Mama Rose alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Mwalimu naye alicheka, akajifanya anakohoa. Tangu siku ile ikawa mchezo wa kila mlo: mimi nikiomba chumvi, mimi nikisali, mimi nikimwambia mwenye duka kwamba chenji si hizo. Ilinibidi nikae nimsikilize mtu akiwa mimi kuliko mimi, na nikinyamaza ananiiga nikinyamaza.

Ningevumilia hayo. Sikuvumilia niliyoyasikia jikoni. Wenyeji wangu, wote Wapadhola, hawakujua kwamba nawaelewa wakisema lugha yao. Nilikulia na majirani Wajaluo, ambao lugha yao ni ndugu ya hiyo, na Kidhopadhola kikisemwa polepole nakipata karibu chote, lakini nilikuwa nimelificha hilo tangu siku ya kwanza kwa sababu nilitaka kujua wanasema nini juu yangu. Alasiri moja, mwezi wa tisa tangu tuanze, nilikuwa nimeketi nyuma ya jiko naosha miguu. Ndani, Mama Rose akamuuliza Nyafwono, "Lakini yule mwenzako anaimba vizuri, sivyo?" Nilisikia Nyafwono akikwangua sufuria. Kisha akasema, "Sauti yake ni maji ya bomba. Ni safi. Unakunywa, kiu inaisha, hukumbuki kama ulikunywa." Mama Rose akasema taratibu, "Hata mzee anasema hivyo."

Kama angenitukana ningefurahi. Tusi ningelirudisha. Lakini lile halikuwa tusi. Alikuwa ameulizwa akajibu. Nilikaa pale na miguu yangu ndani ya beseni hadi maji yakapoa, na nilipoinuka nilikuwa nimeshaamua. Nilimkuta Mwalimu barazani anachana gazeti la kufungia vitu. Nikamwambia achague, mimi au Nyafwono.

"Binti, umebaki wimbo mmoja tu," akasema.

"Ndiyo maana nakwambia sasa."

"Mimi sichagui."

"Basi nitakuwa Busia nikikungoja uchague."

Nikafunga mfuko. Nikachukua na lile daftari la nyimbo, ingawa nilijua kwamba Nyafwono halihitaji, kila neno lilikuwa kichwani mwake. Nililichukua tu ili nisikie nimechukua kitu. Wimbo uliobaki ulikuwa ule wa nyumba mbili. Tulikuwa tumeujaribu mara nyingi na kila mara ukaishia kwenye ugomvi.

Nyumbani Busia nilikaa wiki mbili nikiwa na furaha ambayo leo inanitia haya. Mwalimu alituma ujumbe mara tatu kwa watu waliokuwa wanavuka. Wa kwanza uliniomba nirudi. Wa pili ulisema Mama Rose ananisalimu. Wa tatu ulisema mashine ya kurekodia, ambayo ilikuwa ya kuazima, inarudishwa Kampala Jumamosi. Sikujibu hata mmoja. Niliona ujumbe wa tatu ndio dalili kwamba wamefika mwisho, kwamba nikitokea Jumamosi asubuhi nitapokelewa mlangoni na Nyafwono ataambiwa aombe radhi. Nikavaa gauni zuri. Nikavuka, nikapanda gari la Tororo.

Hakuna aliyenipokea mlangoni. Mwalimu alikuwa chumba cha kurekodia anafunga mashine ndani ya blanketi. Aliponiona alilifungua tena, akaniwekea vile vya kusikilizia masikioni, akabonyeza. Nikasikia gitaa, kisha nikasikia sauti yangu. Nasema hivi bila kutia chumvi: kwa mistari miwili niliamini ni mimi. Nilijaribu kukumbuka tuliirekodi lini. Ilikuwa nyoofu, safi, na kila herufi mahali pake, "Nyumba zetu mbili," pamoja na kile kijipumzi changu kifupi kabla ya neno la mwisho. Halafu sauti ya Nyafwono ikaingia chini yake, nzito, imechelewa kidogo, "Nyumba yetu mbili," na zile mbili zikaenda pamoja mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza katika mwaka ule hazikugombana. Ile mashine iliweza kurekodi sauti juu ya sauti. Nyafwono aliimba kwanza akiwa mimi, kisha akasikiliza akaimba akiwa yeye.

Nilivua vile vitu masikioni. "Yuko wapi?"

"Amerudi Mulanda jana. Mama yake ni mgonjwa." Mwalimu hakunitazama. "Nilikutumia ujumbe mara tatu, Nafula. Gari la Kampala linakuja saa nane. Ukitaka niufute nitaufuta, ni haki yako, sauti ni yako. Lakini nikiufuta hakuna mwingine, na kaseti bila wimbo huo si kaseti."

Sikujua Nyafwono alikuwa amenifanyia nini, na hata leo sijui. Wakati mwingine nadhani ilikuwa dhihaka yake kubwa kuliko zote: kuonyesha kwamba nafasi yangu aliweza kuijaza yeye mwenyewe, na neno langu zetu akaliiga kama alivyoliiga ombi langu la ugali mweupe. Wakati mwingine nadhani alinihifadhia mahali pangu. Angeweza kuimba yetu kwenye sauti zote mbili, hakuna ambaye angemzuia. Siku ile sikuwa na nafasi ya fikira ya pili. Nilijisikia nimeibiwa koo.

"Uache," nikamwambia.

Akashusha pumzi. Kisha akanipa karatasi nyeupe ya kuandikia jalada la kaseti, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri na mchapishaji alikuwa anaingoja Kampala pamoja na kaseti yenyewe. Akaniacha pale na kalamu. Nikaandika majina ya nyimbo kumi, yote kwa Kiswahili sanifu. Juu, mahali pa majina yetu, nikaandika kwa herufi kubwa, za kuchora: NAFULA NA MWENZAKE. Mwalimu alirudi, akaisoma. Nikasema, "Nafasi haikutosha." Nafasi ilikuwepo tele, karatasi ilikuwa mbele yake. Alinitazama, akaitazama saa ukutani, akaiingiza ndani ya bahasha. Nadhani aliogopa kwamba nitaondoka tena, na nadhani alikuwa amechoka nasi wote wawili. Lakini sitamtwisha. Aliyeandika ni mimi.

Kaseti zilipotoka, hazikupita wiki tatu zikawa kila kibanda, pande zote mbili. Nyafwono alikuja Busia siku ya soko, mchana, akanikuta nje ya darasa wakati wa mapumziko. Alikuwa amevaa viatu, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake. Akaniwekea kaseti mkononi.

"Soma," akasema.

"Unajua kusoma."

"Soma wewe, Madam."

Nikasoma. Wanafunzi walikuwa wanapita wakitutazama.

"Mwenzake ni nani?"

"Mchapishaji ndiye aliyeandika," nikamwambia.

Alicheka kidogo, bila sauti. "Hii mwandiko mi najua. Hii ndiyo ilikuwa nakata maneno yangu na nyekundu." Akaichukua kaseti, akaitia mkobani. Nilingoja anitukane au anipige. Nilitamani afanye moja. Akasema, "Mi nilikuwa nafikiri wewe itakuja na kusema asante." Akaondoka kuelekea mpakani. Hatukuzungumza tena. Mwalimu alipotuita kwa onyesho la kwanza hakuja, wala la pili, akaolewa, akarudi kuimba kwenye matanga ya kwao ambako hakuna kaseti. Mimi niliimba na msichana mwingine, na alipochoka na mimi, na mwingine. Nimeimba na wanne, na kila mmoja watu walimwita Mwenzake. Wimbo wa nyumba mbili ndio walioutaka daima. Niliuimba harusini na kwenye sherehe za wakubwa, na wazee wakaniambia sauti yangu ilikuwa tamu zaidi zamani, labda uzazi uliiharibu. Nikawaambia labda.

Nilikwenda mazikoni Mulanda. Sikuambiwa niende, nilikwenda. Walinipa kiti mbele, chini ya turubai, na mkuu wa shughuli akanitaja kwenye kipaza sauti kama mwanafamilia. Wakaupiga wimbo, na ua mzima ukaimba, watoto wadogo pia, wote wakisema yetu kama yeye, na nikaona kwamba sauti ya kwanza, ile ya zetu, hakuna aliyeifuata. Baada ya kuzika, bintiye Awor, mwenye umri kama wangu wa mwaka ule na kidogo zaidi, akaniletea chakula kwa mikono miwili, akapiga magoti kidogo kama desturi. Alikuwa na kifua kile kile. Nikamwomba asiondoke.

"Kuna jambo kuhusu ule wimbo," nikasema. "Ile sauti ya kwanza si yangu. Zote mbili ni za mama yako. Mimi sikuwepo."

Hakushtuka. Alinitazama kwa utulivu, kama mtu anayesikia bei anayoijua.

"Sisi najua," akasema. "Mama alituambia sisi bado watoto. Alikuwa naimba zote mbili hapa jikoni, wewe na yeye, sisi nacheka."

"Na hamkuwahi kusema kwa watu?"

"Alikataa. Alisema wacheni, huyo mama mwenyewe atakuja kusema." Akaangalia kaburi, udongo ulikuwa bado mbichi, vijana wanausawazisha kwa majembe. "Alikuwa mgonjwa miaka mbili. Hapa na Busia iko mbali gani?"

Hakungoja jibu. Aliinama, akaichukua sahani yangu, ambayo nilikuwa sijaigusa, akaipeleka kwa mama mmoja mzee nyuma ya turubai ambaye alikuwa bado hajapewa chakula.